Bijiti Bibili Byenye Nilikuwa Nalenga

Kolwezi, siku ya Mungu

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana kwako, kwa dada Louise na batoto yake. Magoti ingali inakuumiza? Muhogo imetoka muzuri huu mwaka? Mi mwili iko muzima, Mungu eko. Ila roho haitulii hata kidogo. Hii barua naituma mu mikono ya Tatiana, bibi ya mwenzangu, juu simu zetu zote bakubwa ya jeshi bamezikamata. Soma weye na Louise tu.

Uliniulizaka kazi gani nafanya mu jeshi. Ni mi nalengesha mortier, muzinga ya kurusha bombe. Batu banawaza naangaliaka adui mu lunete, ile darubini ya mortier. Wapi! Adui eko nyuma ya kilima, simuone hata siku moja. Chef wetu Barnabé anaelekeza mortier na boussole, ile dira, kisha tunasimika bijiti bibili mbele, kimoja karibu, kimoja mbali, rangi nyekundu na nyeupe. Mi naweka ku lunete nambari yenye chef anaita, nageuza mpaka kipovu mu kioo kitulie katikati na mustari ilale sawasawa juu ya bijiti. Kila bombe ikitoka, mortier inasukumika kidogo, basi narudilia. Nalenga bijiti, silenge kingine.

Siku ya ine tulikuwa na mazoezi mu pori, upande wa barabara ya Fungurume. Asubuyi bombe zetu zote zilianguka ku kilima yenye balituonyesha. Muchana mvua ikanyesha ya nguvu, tukafunika mortier na bâche, ile turubai, tukaenda mu kamyo nyuma ya miti kukula bukari. Bijiti tukabiacha mu majani. Mvua ilipokatika nikarudi ku lunete, nikaona mustari imeacha bijiti. Nikawaza udongo imeloba, mortier imezama upande moja, juu inafanyaka vile. Nikageuza mpaka ikalala sawa. Chef akasema tupige.

Bombe ilianguka ku muto, kwenye bamama banasafishaka mawe ya cobalt. Hakuna mwenye alikufa. Lakini mama moja, Kanku, kipande ya chuma ilimuingia mu paja. Eko ku hôpital, na hatujue kama muguu itapona.

Mangaribi, kabla bakamate simu, ndugu yangu Guelord akanipigia akicheka. Akanielezea vile ye na bacreuseurs benzake, bale bachimba mawe, balifika na mvua, bakaona bijiti juu ya shimo yabo, bakawaza ni ya géomètre, mupimaji ya udongo wa kampuni ya mawe. Bakabing'oa byote bibili, bakabisimika pembeni, bimenyooka muzuri mutu asijue. Unajua huku kwetu: kijiti nyekundu na nyeupe, ni kampuni inakuya kukufukuza. Mi nikajua ni bijiti byetu, byenye nilikuwa nalenga. Sikumwambia kitu. Najua angali anacheka mpaka leo, masikini.

Jana commandant alituita. Alisema kama kuna mutu aligusa bijiti, atahukumiwa kama musaidizi ya adui. Akaniuliza mi, mwenye kuangalia mu lunete. Mama, nilijibu nilisoma nambari mubaya. Nilisema bijiti haikutoka fasi yake. Chef Barnabé aliniangalia sana. Kesho bananipeleka Lubumbashi ku tribunal ya jeshi, na naogopa, sikufiche.

Basi nakuomba, Mama. Ita Guelord akuye kwako kule Sandoa. Umudanganye unagonjwa, na akifika umushike ku shamba. Usimwelezee, unajua roho yake: akisikia tu, atakuya mwenyewe kusema ni ye, na utatukosa bote babili.

Salimia Louise. Mu sala, anza na Mama Kanku, kisha mi. Na basoda bakifika ku nyumba kukuuliza uko na batoto banaume bangapi huku Kolwezi, sema moja. Sema ni mi peke.

Mutoto wako,
Mechack