Chuo Nilichokiandika kwa Penseli

Mjukuu wangu Kabula,

Morogoro walikuchagua. Ujumbe wao uliingia kwenye simu yangu, nikausoma, nikaufuta, na nikakwambia haukuja. Nimekaa na jambo hilo miaka minne. Sasa daktari ameusikiliza moyo wangu akatikisa kichwa, na mimi nilifundisha muda wa kutosha kujua mtu akitikisa kichwa namna ile anamaanisha nini. Sitaki kuondoka nalo.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu ningekusikia unapumua, na nikikusikia ningeanza tena kujitetea. Naandika asubuhi, mistari michache, kisha najilaza. Mama yako, ambaye amekuja kuniuguza, anadhani naandika wosia. Nimemwambia ndiyo. Barua hii naiacha wazi, bila bahasha. Wapo wengine niliowahi kuwakalisha kwenye meza ile uliyokaa wewe, na wao wana haki ya kuisoma.

Ulikuja kukaa kwangu Majengo ukiwa darasa la tano, maana baba yako alikuwa hatulii sehemu moja na ng'ombe wake, na mama yako hakutaka usome leo hapa kesho kule. Ulifika na mdomo. Ulianza kuniita Guku kama unavyoitwa babu kwetu Usukumani, na mimi nikakuita mke wangu mdogo, na tangu siku ya kwanza utani ukakukaa kuliko nguo ya shule. Bibi yako alikuwa anasema nimeoa vibaya, mke mdogo ana maneno kuliko mke mkubwa. Nilipokosea hesabu mbele yako ulinipigia makofi. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipigia makofi kwa kukosea.

Halafu ile likizo ya Kasansa, alikokuwa baba yako na ng'ombe wake. Sijui kama unajua jinsi ninavyoikumbuka. Mtamba wa baba yako alikuwa anashindwa kuzaa tangu alfajiri, na wanaume watano wamesimama wanabishana avutwe kwa kamba au achinjwe nyama isipotee. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikwenda kwenye ndoo, ukanawa kwa kipande cha sabuni mpaka kwenye kiwiko, ukapiga magoti nyuma ya mnyama bila kumwomba mtu ruhusa. Baba yako akafoka, "We mtoto, toka hapo!" Hukutoka. Ulifumba macho kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda. Baadaye ndama akatoka, akapiga chafya, na wale wanaume wakaanza kusema kwamba hata wao walikuwa wanataka kufanya hivyo hivyo.

Ulinijia ukiwa unanuka, mkono umekaukia damu, ukasema, "Guku, kumbe mguu ulikuwa umekunjwa. Nililipapasa goti, nikalisukuma, likakubali." Siku hiyo ndiyo ulipotamka udaktari wa mifugo kwa mara ya kwanza. Mimi nilicheka kidogo. Baba yako alicheka sana. "Ng'ombe nimewatibu kabla hujazaliwa," alisema, "na cheti sina."

Sasa nije kwenye orodha.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini. Nilikuwa mwalimu wa taaluma, na hata baada ya kustaafu vijana waliomaliza kidato cha sita waliendelea kuja uani kwangu na matokeo yao ili niwapangie vyuo vya kuomba. Nilikuwa na daftari. Humo niliandika kila mwaka nani alipata alama gani, akaomba wapi, akapokelewa wapi. Kwa daftari hilo nilimgawia kila mtoto orodha ya vyuo vitano: kimoja cha kuombea Mungu, viwili vya saizi yake, viwili vya kulalia, yaani ambavyo hata dunia ikipinduka atavipata. Nilijivunia jambo moja, na nililisema mpaka misikitini na makanisani walilijua: hakuna niliyempangia aliyekosa chuo. Watu wakasema, mpelekeni kwa Mwalimu, hatakosa.

Siku yako ilipofika, mama yako alikuwa amekuja na kuku wawili. Matokeo yalikuwa mezani: C ya Bailojia, C ya Kemia, D ya Fizikia. Mama yako alikuwa bado anacheza cheza jikoni kwa furaha. Mimi nilikwisha kufungua daftari.

"Cha kuombea?" nikakuuliza.

"Udaktari wa mifugo, Morogoro."

"Na hii D ya Fizikia?"

"Guku, ng'ombe hajali Fizikia."

"Ng'ombe hajali. Morogoro wanajali."

"Basi niandikie viwili vya kuombea."

"Kimoja kinatosha. Mungu naye ana maombi ya watu wengi."

Ulicheka, kisha ukainama juu ya karatasi. Ulikuwa na macho makali wewe. "Mbona hiki umekiandika kwa penseli na vingine kwa kalamu?"

"Wino umekata," nikasema, na mkono wangu ukawa tayari unaandika kingine kwa kalamu ile ile.

"Wino wako una akili, Guku. Unajua pa kukatia."

Mama yako alicheka mpaka akashika mlango. Nami nilicheka. Lakini ulikuwa umeniona, na nilijua umeniona. Katika vyuo vya kulalia nikakuwekea ualimu wa sayansi, Mbeya. Hukubisha. Ulisema tu, "Kama Guku amesema nitalala humo, basi nitandikie vizuri."

Kesho yake tulikwenda kwa dada Zawadi wa stesheneri, akatuombea vyuo vyote kwenye kompyuta yake. Alipouliza namba ya simu ya kutumiwa majibu, ukamwambia, "Weka ya Guku. Mimi naenda Kasansa, kule mtandao mpaka upande kichuguu." Nikamtajia namba yangu tarakimu moja moja, kwa sauti ya darasani. Huku kwetu ndivyo tunavyofanya. Simu ya mzee ndiyo simu ya ukoo. Majibu ya hospitali, ya shule, ya posa, yote yanapitia mfukoni mwake. Hakuna aliyewahi kujiuliza kama mfuko huo ni salama.

Majibu yaliingia siku moja. Ujumbe wa Mbeya ulikuja asubuhi, nikamwita kwa sauti mama yako, ambaye alikuwa bado kwangu. Wa Morogoro ulikuja saa sita mchana, niko peke yangu, nakunywa uji. Ulisema umechaguliwa, udaktari wa mifugo, na kwa kuwa umechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, utumie namba ya siri kuthibitisha kimoja tu kabla ya muda kuisha. Niliusoma mara tatu. Uji ukapoa.

Sikwenda kwa dada Zawadi. Angenipongeza, na kesho yake Majengo yote ingejua. Nilivuka soko mpaka stesheneri nyingine ambako hawanijui, nikamwambia yule mama aliyekuwa pale kwamba mjukuu wangu amechagua Mbeya. Hakuuliza kitu. Kazi ilikwisha haraka kuliko kutoa fotokopi. Nilipotoka nje nikaufuta ujumbe, nimesimama juani, watu wananisalimia, "Shikamoo Mwalimu," nami naitikia marahaba.

Jioni ukapiga. Nilisikia upepo kwenye simu nikajua uko juu ya kichuguu.

"Guku, wameleta?"

"Wameleta. Mbeya, ualimu. Hongera mama."

"Na Morogoro?"

"Morogoro kimya."

Nilisikia ng'ombe wa baba yako wanarudi. Kisha ukasema, "Basi sawa." Kama ningenyamaza hapo, labda dhambi yangu ingekuwa nusu. Sikunyamaza. Nilisema, "Si nilikwambia?"

Siku ya safari nilikusindikiza stendi. Ulinishika mkono ukasema, bila utani hata kidogo, "Asante Guku. Bila cha kulalia ningekaa nyumbani." Umenishukuru mara nyingi maishani. Hiyo ndiyo iliyonibaki mwilini.

Nilijiambia utasahau. Na kweli ulisoma, ulihitimu, ukarudi Kasansa kufundisha Bailojia kwa kujitolea huku unasubiri ajira. Nasikia watoto wanakupenda. Nasikia pia kwamba watu wakiwa na ng'ombe mgonjwa wanakuita kutoka darasani, nawe unakwenda, kisha unawaambia, "Mimi si daktari, tafuteni daktari." Mama yako ndiye aliyenieleza. Alieleza akicheka. Sikuweza kucheka naye.

Huenda hata hivyo ningekufa kimya, lau si mwezi uliopita. Ulikuja kunitazama, ukamleta Pendo, binti wa jirani yenu aliyemaliza kidato cha sita, ili nimpangie vyuo. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, ukachukua wewe kalamu. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka pale pale, nawasikia.

"Nataka uhandisi wa maji," Pendo akasema.

"Kwa alama hizi?"

"Si najaribu tu, madamu?"

"Utajaribu, watakukataa kama walivyonikataa mimi, halafu utajiona mjinga mwaka mzima. Andika cha saizi yako." Ukageuka kwangu. "Si ndiyo, Guku?"

Ile sauti haikuwa yako. Ilikuwa yangu, mpaka ule ukavu wa mwishoni. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia kwa kichwa.

Mama yako akadakia kutoka jikoni, "Na wewe mwenyewe si ujaribu tena hiyo mifugo? Dirisha la maombi si liko wazi?"

"Mama, walishaniona wakanikataa. Niende kuwakumbusha?"

Ulilisema kwa mzaha. Lakini nilikuwa nakuangalia kutoka chini, na mtu akikuangalia kutoka chini anaona kidevu kinavyofanya.

Kwa hiyo sikiliza. Dirisha bado liko wazi. Matokeo yako ni yale yale, na waliyaona yale yale, D na yote, wakasema njoo. Siwezi kukuahidi kwamba watasema njoo mara ya pili. Nafasi ni chache na miaka imebadilika. Ila usikae nje kwa sababu ya jibu ambalo hawakulitoa. Omba wewe mwenyewe, kwa namba yako mwenyewe. Na kabla hujaomba, mwite Pendo. Orodha yake haijatumwa, nimemuuliza mama yako. Mwandikie uhandisi wa maji, juu kabisa, kwa kalamu.

Mbinu yangu usiitupe yote. Mtoto kuwa na chuo cha kulalia si aibu. Nimeona waliokosa kwa kuomba kimoja tu cha juu wakakaa vijiweni mwaka mzima. Orodha nzuri ina mahali pa kuangukia. Kosa langu lilikuwa kwamba niliwafundisha watoto mahali pa kuangukia kabla hawajaruka.

Najua utauliza kwa nini. Mama yako, akisoma, atasema nilitaka usiende mbali, kwa sababu bibi yako alikuwa amefariki mwaka ule na nyumba ilikuwa imenizidi ukubwa. Ni sababu nzuri. Ingekuliza, na ungenisamehe kabla hujamaliza ukurasa. Nimeiandika mara mbili katika barua hii na mara mbili nimeikata. Mbeya nako si hapa. Ningetaka uwe karibu nisingekupeleka huko. Nilifikiria pia kusema niliogopa miaka mitano ya masomo, au kwamba mifugo ni kazi ngumu kwa msichana. Nilikuona na mkono ndani ya mtamba, Kabula. Siwezi kusema hivyo.

Ukija, ukinikuta, usiniamkie kwanza. Niulize chochote, nitajibu. Usiponikuta, usikae matanga yote. Nenda stesheneri kwanza, muda hausubiri maiti. Kwaheri, mke wangu mdogo. Umenipa maneno makali na siku nzuri, na vyote nilivistahili.

Limebaki hili moja, ambalo sijawahi kulisema hata katika sala. Ujumbe wa Morogoro ulipoingia, kitu cha kwanza kilichonipata hakikuwa furaha wala woga. Kilikuwa aibu. Niliona Majengo nzima ikisema Mwalimu alikosea kwa mjukuu wake mwenyewe. Kisha nikawafikiria wote niliowashusha kwa miaka ile, nikaona kwamba kama wewe umeweza, huenda na wao wangeweza, na hilo sikutaka kulijua. Niliona afadhali wewe ukose kuliko mimi kuonekana nilikosea.

Ni mimi,
Guku wako