Dunia Imekwisha, Niko Bafuni

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu cha Miwani kimenikamata. Miwani ni yule dada wa meza ya pili kazini, ndiye aliyeniazima, akaniambia nisome taratibu. Taratibu wapi! Nimeshafika katikati. Dunia imekwisha. Ugonjwa, vumbi, hata hawaelezi vizuri. Amebaki mwanamke mmoja anayezunguka mji mzima na begi mgongoni. Anaingia nyumba za watu. Anafungua makabati, anakuta vikombe vimepangwa. Anakaa kwenye kochi la mtu asiyemjua, anasikiliza. Hakuna kitu. Upepo kidogo tu kwenye pazia.

Nimesomea bafuni. Ndicho chumba pekee chenye komeo humu ndani. Nafungulia bomba kidogo, lidondoke kwenye ndoo, wajue kuna mtu.

Naona haya kuandika hili, lakini nani atasoma. Kila ukurasa usio na mtu, moyo wangu unatulia. Watu wamekufa dunia nzima na mimi nimekaa juu ya kifuniko cha choo natabasamu!

Jumatano, 5 Machi

Simu tangu asubuhi. Maji yamekatika huku, bili imezidi kule, mwingine bomba limepasuka na anadhani nimelipasua mimi. Samahani mteja. Nakuelewa mteja. Ndiyo kazi yangu, kusikiliza hasira za watu kwa sauti ya upole mpaka jioni.

Nikarudi nyumbani. Mapacha wa wifi wanagombea kiti. Wifi anaongea na mumewe aliye safarini, simu kwenye spika, hata salamu zao za siri tunazisikia sote. Redio ya mama mkwe inapayuka. Mume wangu ananiita kutoka chumbani: soksi ziko wapi? Nikapita moja kwa moja bafuni.

Kutoka, namkuta mama mkwe mlangoni na kikombe. Dawa ya tumbo! Kaichemsha mwenyewe, na macho yale — moja lina mtoto wa jicho, jingine limefungwa bandeji tangu upasuaji. Kapapasa jiko mpaka kaweza. Kasema ninavyoshinda humo bafuni tumbo hilo si la kuchezea, na kuanzia leo mtu asinigongee nikiwa ndani. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikanywa. Chungu kama nini sijui. Nikanywa yote mbele yake, maana ningesema nini? Hapana mama, siumwi, nimejificha tu, nawakimbia ninyi?

Ijumaa, 7 Machi

Mume wangu tunamwita Mzee wa Kesho, maana kila jambo lake ni kesho. Leo kanishtua, kauliza leo. Daktari karidhika na jicho, lakini mama hawezi tena kurudi kuishi peke yake. Sasa, akae hapa kwetu moja kwa moja, au aende kwa shemeji, mwanawe mdogo?

Nikajibu haraka: hapa ni kwake, nani wa kumfukuza. Maneno mazuri kabisa. Ila uso ulinisaliti. Najua, kwa sababu alinitazama, akashusha macho, akasema basi tutaongea kesho.

Shemeji ana nyumba kubwa yenye geti. Yeye na mkewe wanatoka alfajiri, wanarudi giza limeingia. Mchana kutwa hamna mtu mle. Nilipoifikiria nyumba ile sikumwonea mama huruma. Nilimwonea wivu!

Mtu gani mimi?

Jumapili, 9 Machi

Nimefumaniwa. Mapacha wamekichomoa kitabu nyuma ya ndoo ya bafuni, wakakileta sebuleni kama walioshika mwizi. Wifi: eti hii ndiyo dawa ya tumbo! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza tu kinahusu nini. Nikamwambia kwa kifupi. Akasema betri za redio zimekwisha, nimsomee.

Basi nikasoma. Jamani, kumsomea huyu mama ni kazi! Kila aya ana swali. Nani aliwazika hao wote? Huyo dada anakula nini, mbona hajapika tangu tuanze? Na mbona anaingia tu nyumba za watu kama mbuzi, kwa nini hapigi hodi?

Nikamwambia mama, watu hawapo. Wamekufa.

"Hata kama. Utajuaje hawapo kama hujapiga hodi?"

Mapacha wakaona huo ni mchezo. Kila mlango kwenye kitabu, wao: "Hodi! Hodi!" Nyumba nzima kelele. Ule ukimya wangu mtamu ukawa soko. Nilikasirika, kweli nilikasirika, nikafunga kitabu nikasema koo limekauka.

Jumatatu, 10 Machi

Wakati wa chakula cha mchana nilimuuliza Miwani, yeye anavipendea nini vitabu hivi. Nilitegemea aseme kama mimi. Akasema vinamrudishia watu wake. Anaishi humo na yule mwanamke, anatembea naye mitaa mitupu, anaona kijiko kimoja kwenye sinki na kinamliza. Halafu anafunga kitabu, anamsikia mwanawe anapiga kelele, anamkumbatia mpaka mtoto anashangaa.

Nikasema ndiyo, hata mimi. Uongo! Mimi nikifunga kitabu nawasikia wapo, na nachukia kwamba wapo. Nimelimeza hilo pamoja na chakula.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimefanya jambo baya, na limetoka kinywani mwangu mwenyewe, siwezi kumsingizia mtu.

Mapacha walikuwa shule, wifi sokoni. Mimi sikuwa na zamu. Mama mkwe akaja sebuleni na fimbo yake, akakaa, akasema endelea. Nyumba imetulia. Nikasoma vizuri kuliko siku zote. Yule mwanamke anaingia nyumba nyingine. Kitabu kinasema tu aliingia, akatazama, akatoka. Mstari mmoja. Mimi nikauona mfupi. Nikaanza kuongezea. Macho nimeyatoa kwenye ukurasa, nimeyafumba, naongea tu kwa utamu. Nikasema kulikuwa na fimbo imeegemezwa mlangoni. Viatu vya watoto vimepangwa, havina vumbi la mchezo tena. Kwenye stuli kuna redio iliyofungwa mpira mwekundu ili betri zisidondoke. Kitanda karibu na dirisha, kimetandikwa vizuri, blanketi la mistari. Hakuna mtu. Akakaa juu ya kitanda, akasikiliza, hakuna anayemwita. Raha.

Raha! Hilo neno nililisema kwa sauti.

Mkono wa mama ukaenda kwenye redio iliyo pembeni yake, ukaugusa ule mpira.

"Huyo mwenye kitanda," akasema, "alikufa lini?"

Nikasema wote walikufa, mama, ni hadithi.

"Na wewe ukabaki."

Siyo mimi, nikasema. Ni yule wa kwenye kitabu.

"Ehee," akasema. "Yule wa kwenye kitabu."

Akaniuliza kama nitampikia chai au apike mwenyewe. Sauti ile ile, ya upole. Heri angenitukana! Chai niliipika, nikatia chumvi badala ya sukari, akainywa yote.

Alhamisi, 13 Machi

Sikusoma. Sikuingia bafuni ila kuoga. Kila mteja aliyenitukana leo nilimwona ana haki.

Ijumaa, 14 Machi

Wamefungua bandeji. Jicho linaona! Kaona kalenda ukutani, kasoma mwezi. Kaona mapacha, kawaambia kumbe ninyi ni wabaya hivi, wakacheka mpaka wakagaragara. Akageuka kunitafuta mimi, nikainama haraka kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe ni ndala.

Kwenye chakula cha jioni akatangaza. Atakwenda kwa mwanawe mdogo. Keshokutwa, Jumapili, shemeji atakuja na gari. Mume wangu kijiko kikasimama hewani. Akasema mama, mbona haraka, tuliongelee kesho. Mama akasema kesho zako nimezilea tangu hujaota meno, hii nimeamua mwenyewe. Wifi akauliza kule nani atashinda naye. Mama akajibu hamna mtu, ni kimya, watu wanapenda kimya siku hizi.

Hakunitazama. Nami nilikuwa naichambua mboga kwenye sahani kama natafuta kitu kilichopotea.

Mume wangu kaniuliza chumbani kama tuligombana. Nikasema hapana. Ni kweli, hatukugombana. Akaniambia basi mwambie abaki, wewe ndiye atakayekusikiliza. Nikageukia ukutani.

Sasa niandike ukweli, maana hapa sina wa kumdanganya. Aliposema anakwenda, kitu cha kwanza kilichonijia si aibu. Aibu ilifuata. Kitu cha kwanza nilikiona chumba chake kitupu, na mimi ndani yake, na mlango umefungwa.

Jumamosi, 15 Machi

Tumepanga begi lake. Yeye kakaa kitandani ananipa nguo moja moja. Nilisimama upande wa jicho lisiloona. Nadhani alijua.

Katikati ya kupanga akaniomba nimmalizie kitabu, hawezi kuondoka na yule dada bado yuko njiani. Nikasoma neno kwa neno, sikuthubutu kuongeza hata nukta. Yule mwanamke kajipatia nyumba nzuri, kajifungia, katulia. Halafu siku moja kuna mtu nje, mlangoni. Anabisha.

Hapo ndipo nilipoachia kusoma mimi wiki iliyopita. Nilichukia mno! Mtu kapata amani yake, wanamletea mgeni wa nini? Sikutaka kujua ni nani. Kwa hiyo hapo hapo nikasema basi mama, kimeishia hapo.

Akachukua kitabu mkononi mwangu. Akapapasa.

"Mbona upande huu bado kina unene?"

Akakifunga, akanirudishia, akasema sawa, ukiwa tayari utaniambia alifungua au hakufungua.

Kisha akaniambia jambo ambalo bado linanichoma. Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua sina tumbo wala nini. Masikio yake ndiyo macho yake, alisikia karatasi zikigeuka. Ile dawa ilikuwa majani machungu tu, hayana kazi yoyote. Aliyachemsha mbele ya watu ili wifi na watoto waamini naumwa, wasinigongee mlango. "Nilikuona umechoka," akasema. "Nikasema huyu naye apate pa kupumulia."

Kumbe ukimya wote niliousoma mle bafuni aliulinda yeye! Na mimi nikautumia kumzika.

Nilitaka kupiga magoti. Nikasema tu: mama, hili sweta liende kwenye begi au ulivae safarini? Akasema atalivaa.

Jumapili, 16 Machi

Niko bafuni. Nimefunga komeo. Bomba sijalifungulia, wakijua wajue.

Shemeji amefika mapema. Nasikia wanabeba vitu. Mapacha wanalia, au mmoja analia na mwenzake anamsindikiza. Wifi anauliza nani kaona blanketi la mistari. Mume wangu anasema, kwa sauti ya kunisikilizisha, mke wangu sijui yuko wapi, mama asubiri kidogo amuage.

Sikuja kujificha. Basi, nimekuja kujificha. Jicho lake sasa linaona. Nikisimama mbele yake nikasema mama usiende, atautazama uso wangu, na mimi mwenyewe sijui uso huo utasema nini. Nimejitazama kwenye kioo. Nimejaribu: mama usiende. Nimejaribu tena. Mara ya kwanza niliona mnafiki. Mara ya pili niliona mtu mwekundu wa macho, sikumjua vizuri.

Nimekileta kitabu. Nimesoma kurasa zile zilizobaki, nimesimama, haraka haraka. Ni chache. Mwandishi hasemi ni nani aliyeko nje. Yule mwanamke anasimama nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa, anasikia mtu anapumua upande wa pili. Basi. Kurasa zote hizo ni yeye kasimama tu! Anakumbuka vikombe vyote alivyovikuta vimepangwa. Anakumbuka kwamba hakuwahi kumwita mtu hata mara moja.

Nimeliona hilo nikakaa chini, hapa hapa sakafuni. Mama aliliona siku ya kwanza kabisa, bandeji jichoni.

Wamenyamaza huko nje. Gari limewashwa. Redio yake, kumbe imewekwa betri, inaimba kidogo halafu inazimwa. Labda ameshaingia garini. Labda hivi ndivyo nyumba itakavyokuwa kila siku saa hizi, kama nilivyoitaka. Nasikiliza.

Siipendi. Siipendi hata kidogo!

Fimbo. Ni fimbo yake kwenye korido, tok, tok, inakuja. Haisindikizwi na mtu. Imesimama hapa mlangoni. Nasikia anapumua.

Hajagonga. Amekataza watu wasinigongee, na yeye hagongi.

"Hodi," anasema.

Taratibu, kama mtu asiyejua kama kuna watu ndani. Mkono wangu wa kushoto uko kwenye komeo, huu wa kulia unaandika. Jibu lake ni neno moja, hata mapacha wanalijua. Anasema tena,

"Hodi humu —"