Mashine ya Mahindi Siipokei

Alhamisi, Kahama. Mvua imepiga asubuhi, ikaacha joto la kunata. Mimi mwenyewe sijatulia.

Leo nimekasirika. Naandika hivi hivi na hasira zangu, sisubiri zipoe, maana najijua: nikipoa nitaanza kuwatafutia watu visingizio.

Kwa usiyenijua, mimi ndiye msimamizi wa nyasi kwenye uwanja mmoja wa gofu nje ya mji, uwanja wa tangu enzi wageni wa migodini walipokuwa wengi. Wageni wamepungua, nyasi ziko pale pale na zinataka kula. Miaka yote mbolea tunamwaga kwa mkono, ndiyo maana uwanja una mabaka, hapa kijani, hapa njano. Kamati ikakubali tununue mashine ya kumwagia mbolea, ile ya kufunga nyuma ya trekta. Wakasema nichague mimi. Jamani, nilifurahi kama mtoto wa sikukuu.

Nikachagua ndogo. Ina mkonga kwa nyuma unaochezacheza kushoto na kulia kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi. Inarusha karibu, inarusha sawasawa, na trekta letu dogo la matairi mapana linaibeba vizuri. Udongo wetu huu mweusi wa mbuga ukilowa ukaukanyaga na kitu kizito, unageuka sakafu. Sasa nyasi zitaota kwenye sakafu?

Leo muuzaji kaleta mashine nyingine kabisa. Kubwa, nyekundu, ina visahani viwili chini vinavyozunguka kwa kasi na kurusha mbolea mbali. Na trekta lake kubwa la kuivuta kaja nalo. Mwenyekiti wa kamati yetu alikuwa kasimama pembeni anaipapasa kama mtu anayekagua dume la kununua mnadani.

Hapo hapo nikaelewa.

Mwenyekiti ana shamba kubwa la mahindi njia ya Kagongwa. Mashine ile ni ya mahindi. Gofu tungekuwa tunaiazima kwake, wakati imenunuliwa kwa jina letu.

Hilo sikulisema, adabu bado ninayo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mama Happy, usiwe na wasiwasi. Kubwa inafanya kazi ya ndogo, na chenji inabaki." Nikamwambia sawa Mzee, basi tuijaribu.

Mashine ya mbolea haijaribiwi kwa macho. Unapanga vyombo kwa mstari kukatisha njia ya trekta, linapita katikati, halafu unaangalia kila chombo kimepata nini. Vile vyombo maalumu hatuna. Kwa hiyo jana, nikijua inakuja ile ndogo, niliazima karai kwa kina mama wa huku kwetu Nyahanga wanaoosha mchanga wa dhahabu. Walinicheka mpaka nikaona aibu. Mmoja akaniuliza kama siku hizi kwenye gofu tunachekecha urea tupate dhahabu. Nikamwambia nikiipata ataiona kwenye masikio yangu.

Karai nikazipanga pale shimo la saba, ambapo nyasi zinapita pembeni kabisa mwa seng'enge. Ng'ambo ya seng'enge ni malisho ya Mama Kulwa, jirani yetu wa siku nyingi. Dereva wetu Shija akapanda lile trekta kubwa, akapita mara moja.

Karai za kwenye nyasi zilipata. Karai niliyoiweka kwenye shimo la mchanga, pasipo na nyasi hata moja, nayo ikapata. Ya mwisho, niliyoibana kwenye seng'enge, ilipata kuliko zote. Muuzaji akasema ni suala la kurekebisha tu. Akarekebisha, Shija akapita tena, sasa mbolea ikashuka kwa michirizi, mstari umeshiba na mstari una njaa, na bado nyingine ikaruka nje.

Nikageuka kumwambia Mzee aje aone. Ndipo nikaona ng'ombe wanakuja.

Huku kwetu ng'ombe anarambishwa chumvi tangu ndama. Mwenyewe anaimwaga chini, anapiga mluzi, wanakuja mbio. Na urea, mbolea yetu, ni nyeupe, ya chengachenga. Wale ng'ombe wa Mama Kulwa waliona nyeupe imetandazwa juu ya majani yao, wakajua leo wamekumbukwa. Ng'ombe akiramba urea ya kutosha, daktari wa mifugo anakuja kukuta ngozi.

Seng'enge niliipita sijui vipi. Suruali imechanika, paja linawaka mpaka saa hii. Nilikuwa napunga mikono na kupiga kelele, na Mama Kulwa naye akaja mbio na fimbo yake.

"Mayu, mama yangu, kwani hiyo siyo chumvi?" akaniuliza.

"Siyo chumvi, Mama Kulwa. Itawaua. Watoe hapa."

Hakuuliza mara ya pili. Aliwachapa mpaka wakashika njia ya nyumbani. Kisha mimi, yeye na Shija tukaanza kuzoa, majani na udongo wake, tukijaza zile karai. Hakuna ng'ombe aliyekufa leo. Leo tulikuwepo.

Mwenyekiti alibaki upande wake wa uwanja, kivulini. Akasema hao ng'ombe si wanachama wa klabu. Muuzaji akacheka. Kisha Mwenyekiti akaniambia kikao ni Jumamosi, na nitasimama niseme mashine inafaa. Nisiposema, atatafuta msimamizi asiyeogopa mashine.

Nikamjibu mbele yao: "Mzee, kwa heshima zote, siipokei."

Nilisema huku naogopa. Nakiri. Kazi hii ndiyo inayotulisha mimi na Happy, na nyingine ya nyasi hapa Kahama haipo. Nimefika nyumbani nimekaa kitandani na viatu, nimelia kidogo, nimeosha uso. Naogopa, na bado siipokei. Kumbe vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja bila shida.

Lakini mimi nami si wa kulia tu. Jioni nimekwenda kwa Mama Kulwa na mumewe. Nimewaambia kila kitu, mpaka maneno ya kikao. Tumekubaliana. Jumamosi watakuja wao na majirani wengine wenye mifugo, wasimame kwenye seng'enge shimo la saba. Na mimi kwenye kikao sitabishana na mtu. Nitaomba kamati itoke nje, tutembee wote mpaka pale, na Mzee mwenyewe awaeleze wenye ng'ombe kwamba ile mashine inafaa.

Awaeleze kwa Kisukuma. Ni lugha ya mama yake, na yeye pia amekulia nyuma ya ng'ombe.

Akiweza kulisema hilo huku wanamwangalia, kazi yake achukue. "Ndiyo" yangu hataipata.