Simu Kutoka Jumuiya Vijana

Jumapili, 5 Oktoba 2003
Kaka Rupert katuma simu kutoka Dar. Ya nyumba nzima! Maana yake ya Mama. Jioni kavaa miwani, kapitia majina yote niliyoingiza. Huyu nani? Na huyu? Nina miaka ishirini na mbili, bado nakaguliwa.

Sasa Alfani wangu nimwandikeje? Karani wa tumbaku kule Namtumbo, tena Mwislamu — Mama ataanguka pale pale. Nimemwandika "Jumuiya Vijana". Nani ataitilia shaka jumuiya, mwezi huu wa Rozari?

Jumanne, 7 Oktoba
Jumuiya imepiga mara tatu! Mama anang'aa. Kamwambia jirani yetu Mama Kasiana kwamba Noela wake siku hizi ni mtu wa sala. Nimeona aibu kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa! Nimetoka bombani na ndoo, nakuta Mama kashapokea simu. Ananisimulia kwa furaha: kasema Tumsifu Yesu Kristo, kijana kajibu "Amina, shikamoo Mama". Mama kamuuliza, kila siku mnamwita binti yangu, nyumbani kwetu mnakuja lini? Kijana kasema Jumamosi — na wakubwa zake.

Viongozi wa parokia hao, anasema Mama, anaimba. Mkubwa wa Alfani ni baba yake mdogo, Mzee Bashiru. Wanakuja kuposa! Kumzuia siwezi, simu inalala kifuani kwa Mama.

Ijumaa, 10 Oktoba
Mama kachinja nguruwe wa wageni.

Jumamosi, 11 Oktoba
Wamefika. Kofia mbili mlangoni, kanzu zimenyooka pasi. Akina mama wa jirani, Mama aliowaalika kupokea viongozi, wakaacha rozari sebuleni, mmoja mmoja. Mama kaziangalia kofia, kaniangalia mimi, kaitoa simu kifuani, kaitazama weee. Nampenda Alfani. Nampenda na Mama. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kawapa viti. Shikamoo ya Alfani kaiitikia, marahaba, taratibu. Kisha jikoni, kafunika sufuria, kaweka na jiwe juu.

"Kamata jogoo," kasema bila kunitazama. "Mpe yule mzee achinje mwenyewe. Na sufuria ukaazime, hii yetu hapana."

Nimefika mlangoni kaniita.

"Huyo Jumuiya. Jina lake nani?"

Nikakimbilia bandani. Naandika huku nimembana jogoo kwapani, ananipiga mabawa. Mama kasimama mlango wa jikoni, mikono kiunoni, anasubiri jina.