Mume Wangu Amejaza Maktaba Meza za Watu Wawili

Basi nilimkubali, mpendwa Shangazi, yule yule mkutubi niliyekuandikia habari zake ukaniambia niache kumzungusha kijana wa watu, na sasa ni mke wa mtu, nikisikia jirani ananiita mama mwenye nyumba nacheka peke yangu jikoni kama nimeficha peremende mdomoni, ila nimerudi kwako kwa sababu furaha hiyo hiyo imeniletea swali, na naomba unisaidie kabla seremala hajaanza kukata mbao.

Mume wangu anafanya kazi maktaba ya chuo kikuu, na mimi natoa nakala kwenye kibanda kilicho mlangoni mwa maktaba hiyo, na ndipo tulipoonana, maana alikuwa akija kutoa nakala ya ukurasa mmoja, anaondoka, anarudi na mwingine, ilhali ndani wana mashine yao, sasa hapo utaelewa mwenyewe. Hivi karibuni mkuu wake amemkabidhi kazi kubwa: ukumbi wa chini upangwe upya, rafu za vitabu zisogezwe nyuma, amri ya kunyamaza iondolewe upande huo, pawe mahali pa wanafunzi kusoma pamoja, kubishana, kuandika ubaoni na kuchaji kompyuta zao. Kila jioni anakunjua mchoro wake kwenye meza yetu, ananiuliza, "Mke wangu, wewe ungependa kukaa wapi?" Nanyoosha kidole kuelekea dirishani, na kesho yake nakuta amechora meza dirishani. Shangazi, ni mwanamume gani mwingine anafanya hivyo?

Lakini juzi niliutazama mchoro wote kwa utulivu, nikatafuta meza ya watu wengi, nikatafuta huku, nikatafuta kule, sikuiona. Ukumbi mzima ni meza ndogo, viti viwili vinatazamana, kama meza yetu ya nyumbani. Nikamuuliza kwa upole, "Wote watakaa wawili wawili?" Akanishika mkono akasema, "Nikichora kila meza nakuona wewe umekaa upande wa pili." Sasa hapo ungesema nini? Mimi niliyeyuka, nikaenda kuchemsha chai.

Kinachonisumbua ni wale wanafunzi. Wanakuja kibandani kundi zima na makaratasi ya somo, wanataka nakala moja tu, nami siku moja nikawauliza mbona hawachukui kila mtu yake, na binti mmoja wanayemwita Spika kwa jinsi sauti yake inavyofika mbali akanijibu, "Dada, kila mtu akiwa na yake tunasinzia. Ikiwa moja, tunaigombania." Wenzake wakamwambia, "Wewe hugombanii, unanyang'anya!" Kisha wanakwenda kukaa kwenye ngazi za nje, kwa sababu ndani hawaruhusiwi kusema, vichwa vimegusana, mmoja anasoma, mwingine anampinga, wa tatu anachora vidole hewani, na mimi naacha mashine nawatazama nikijiuliza, hivi mtu anaelewaje zaidi akibishiwa, maana shuleni kwetu tulikaa tumekodolea macho ubao na aliyegeuka alikiona cha moto. Sasa wakipewa meza za watu wawili watafanyaje, watagawanyika, watazikokota ziungane, au watarudi zao ngazini?

Na si kwamba mume wangu hakupata ishara. Jumapili mama mkwe alikuja na mawifi zangu, tukala kwenye ile meza yetu, wengine ikabidi wakae kitandani na sahani mapajani. Wifi mkubwa akasema, "Wifi, kwa meza hii mnatufukuza bila kutuambia!" Mama mkwe akamjibu, "Waache, bado wanatazamana." Tulicheka sote, na mume wangu alicheka kuliko wote, kisha jioni akakunjua mchoro akaongeza meza nyingine ya watu wawili.

Wiki ijayo anaupeleka mbele ya kamati, wakiupitisha seremala anaanza kazi, na mbao zikishakatwa fupi haziwi ndefu tena. Nikinyamaza, huenda wanafunzi wakabaki ngazini na mume wangu akachekwa na chuo kizima. Nikisema, nitakuwa nimeligusa pendo lake pale pale alipoliweka. Tena mimi nimeishia kidato cha nne na yeye kazi hii ameisomea, nani ananiuliza? Nifanyeje, Shangazi?

Bibi Harusi wa Kibandani

SHANGAZI ANAJIBU

Bibi harusi wangu, hongera, ila chai uliyokwenda kuchemsha ilikuwa ya woga. Unasema nani anakuuliza? Si huyo huyo mumeo, kila jioni, mchoro mkononi! Yeye anauliza kama mtu mwenye kazi, wewe unamjibu kama mchumba. Acha hiyo.

Kosa lake, kama ni kosa, ni la mtu mwenye raha: anadhani dunia nzima imeoa. Nimecheka mpaka nikavua miwani. Lakini usikimbilie kumwambia amekosea, kwa sababu hata wewe hujajua, unahisi tu. Wanaosoma wawili wapo, na wapo wanaotaka kukaa peke yao wasisemeshwe na mtu. Unaowajua wewe ni hawa wa ngazini. Basi mwonyeshe hawa.

Kesho mwite kibandani wakati wanafunzi wanatoka darasani, na mchoro auache ofisini. Kaeni hapo ngazini muwatazame, nawe funga mdomo, usimtafsirie. Baadaye amwombe Spika na wenzake waingie ukumbini na nakala yao moja, wapewe meza ndogo zilizopo, waruhusiwe kusema, na asiwepo wa kuwapanga. Atazame mikono yao. Wakizikokota meza zikaungana, atakuwa ameambiwa na wenye ukumbi. Wakigawanyika wakasoma vizuri, mwombe radhi kimoyomoyo, kisha uniandikie haraka, maana na mimi sasa nataka kujua.

Jioni hiyo akikuuliza ungependa kukaa wapi, usinyooshe kidole. Mwambie, "Kwenye meza ya watu wengi, lakini kiti cha karibu na wewe." Halafu mweleze yote uliyoniandikia, hata habari ya kidato cha nne. Mwanamume aliyechora meza dirishani kwa sababu ulinyoosha kidole hatakununia ukimwambia asogeze viti. Na akinuna, atanuna jioni moja, na hiyo nayo ni ndoa, mwanangu, utaizoea. Bora anune nyumbani kwake kuliko aduwae mbele ya kamati.

Ile ya dirishani aiache ya watu wawili. Hiyo mmeipata kihalali. Na kwenu ongezeni viti, mawifi zako wasile kitandani mara ya pili.

Mimi mwenyewe, kabla mwezi huu haujaisha, nitapita hapo kibandani kwako. Utanitolea nakala moja tu, niingie nayo ukumbini nitafute watu wa kuigombania nao. Mwambie mumeo aniwekee nafasi.