Nani Atajibu Juu ya Ariane

Bukavu, 12 mwezi wa tano 2023

Kwako mudogo yangu Stanislas,

Jambo sana. Uko muzima? Ule mugongo uliokuwa unakusumbua unaendelea namna gani? Huku tuko, tunapumua, Mungu ni mukubwa. Mutoto yako Carine alikohoa wiki nzima lakini sasa anakimbia uwanjani sawa mbuzi. Usishangae barua ya karatasi. Vidole yangu ni minene na telefone inaandika maneno yake yenyewe, basi naandika kwa kalamu ku kaye, daftari ya masomo, na Fabiola, mutoto wa jirani, anapiga foto na kukutumia. Utanisoma hivyo hivyo na makosa yangu.

Sasa sikia. Kule chini kwenye ziwa kuko kampuni mupya ya wageni, na vyumba vya baridi, na ukuta, na mulango ya chuma. Wavuvi wakirudi asubuhi, sambaza, samaki zetu ndogo, yote inaingia mule. Yote! Hata beseni moja haibaki inje. Miaka makumi mbili nimeuza sambaza ya pale, na leo tunakaa juu ya mawe wanawake kumi na nane, beseni wazi, tunaangalia magari yao inapita. Na unajua nani anasimama ku mulango na karatasi mukononi, anaandika kilo za wavuvi? Bibi yako, mama ya Carine. Ariane mwenyewe, amevaa gile ya orange, koti ya kazi bila mikono. Ananiona, anasema "Bonjour, maman Colombe," kama vile mimi ni mupita njia.

Sisemi niko na wivu. Wivu ya nini? Nilianza kazi mbele yeye ajue kufunga kitenge. Nauliza tu: kampuni ilikosa watoto wa Bukavu?

Kuko muheshimiwa moja, Bisimwa, anatafuta kura za mwezi wa kumi na mbili. Anapita na gari na mikro: "Inchi yetu, ziwa yetu, sambaza yetu!" Anasema matajiri wa inje na wageni wa ng'ambo ni mukono moja, huyu anafungua mulango, yule anabeba. Wanawake wote tunamupigia makofi. Na kila akisema "anafungua mulango," mimi naona ile gile ya orange.

Ni mimi dada yako mukubwa, yaya yako,
Colombe


Durban, 28 mwezi wa tano 2023

Yaya yangu mupenzi,

Jambo na pole kwa yote. Barua ilifika, na kuona mwandiko wako nilifurahi sana. Mugongo imepona. Wewe je, magoti? Kazi iko: nanyoa watu pembeni ya barabara, kiti moja, kioo moja, na maneno ya midomo yao yote.

Nimecheka kwenye "sisemi niko na wivu." Yaya, mutu asiye na wivu hajazi ukurasa tatu. Lakini juu ya sambaza hauna kosa hata kidogo. Ile ni njaa. Muende kwa wakubwa wa kampuni, mufunge njia ya magari yao, museme beseni zenu kwanza, kilo zao nyuma. Niko na ninyi. Ariane anaandika kilo tu, haandiki sheria.

Na hiyo neno "mugeni" uiache. Unajua kama mimi: baba yake, Mungu amuweke, ni wa Kamanyola. Mama yake ni wa Cibitoke, ng'ambo ya Ruzizi, Burundi. Siku tulipopeleka ng'ombe kwao ulisimama wewe, sababu wazazi wetu hawakuwa tena, ukasema mbele ya watu wote: "Tangu leo huyu ni wetu, sisi njo tutajibu juu yake." Watu walipiga vigelegele.

Huyo Bisimwa, mumuangalie vizuri. Huku pia wako, na mikro, na tishati za rangi moja. Wanasema sisi wageni njo tunakula kazi yao na dawa yao. Mutu mwenyi njaa ukimuonyesha jirani, anasahau kuuliza tajiri. Nawaona kila siku. Busu Carine kwa ajili yangu.

Mudogo yako,
Stanislas


Bukavu, 16 mwezi wa saba 2023

Kwako Stanislas,

Jambo. Baridi ya kule inasema nini? Mimi malaria ilinipiga siku tano, nimeamka, lakini mudomo bado muchungu.

Umenifundisha vizuri, aksanti sana, professeur. Sasa na mimi nikufundishe. Bibi yako anarudi siku ya posho na gari ya kampuni. Anakaa mbele. Mwanaume anaendesha, anashuka, anamufungulia mulango. Viatu mupya, nywele mupya. Sijasema kitu. Mungu alinipa macho ya kuangalia, naangalia.

Juzi nilipika sombe na mawese, vile unapenda, nikamupelekea Carine. Ariane akaniambia ku kizingiti: "Mutoto ameshiba." Ameshiba! Nilirudi na sahani yangu mikononi, avenue yote inaniona. Stani, mama alipokufa ulikuwa na miaka sita. Nani alikubeba mugongoni akiwa na beseni ku kichwa? Nani aliacha masomo juu usome? Ukaenda, ukatuma, ukajenga nyumba ya mabati mupya. Ufunguo ulimupa nani? Sikuuliza siku ile. Nauliza leo.

Ku mitingi ya Bisimwa alisema mutu ajue kwanza nani analala ndani ya nyumba yake, kisha ajue nani analala ndani ya inchi. Niliona ananisemea mimi. Nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka.

Yaya yako,
Colombe


Durban, 30 mwezi wa saba 2023

Yaya,

Jambo. Natumaini malaria imeisha.

Mwanaume gani? Jina yake nani? Ni kijana ao muzee? Gari inakaa dakika ngapi?

Nilimupigia Ariane usiku ule ule barua ilifika, nikamuuliza. Akasema: "Ni yaya yako njo alikuambia?" Hakusema hapana. Nilikata. Tangu siku ile naona sura yake, haijibu, na mimi simupigii tena. Jana nilimukata muteja sikio.

Wewe njo mukubwa wa familia kule. Muangalie. Fanya vile unaona.

Mudogo yako,
Stanislas


Bukavu, 3 mwezi wa kumi 2023

Kwako mudogo yangu,

Jambo sana, habari ya siku nyingi. Uko na afya? Mimi niko sawa. Mvua imeanza, njia ya kushuka ku ziwa ni matope tupu.

Mambo mingi imepita. Vijana wa Bisimwa walitembea ku avenue zote pamoja na chef wetu, mukubwa wa avenue, papa Patrice, wanaandika watu wasiojulikana asili. Ni mambo ya usalama, unajua vile inchi iko na vita. Wakafika na kwako. Sasa Ariane alienda kwao kwanza, na Carine. Ni kwa muda. Usichemuke bure.

Nyumba nimeifunga vizuri, ufunguo uko na mimi. Nimefagia, nimetoa buibui. Ukitaka kutuma kitu, sasa utume moja kwa moja kwangu.

Yaya yako anayekupenda,
Colombe


Durban, 9 mwezi wa kumi 2023

Yaya Colombe,

Sina salamu ndefu. Bibi yangu iko wapi? Kwao ni wapi, Kamanyola ao Cibitoke? Telefone yake haiingie siku sita. Mutoto ana miaka mine.

Nilikuficha kitu. Mugongo haikupona. Wiki iliyopita nilienda ku dispansere moja, na watu wa tishati walikuwa wamesimama ku mulango, wanauliza kila mutu kitambulisho ya inchi yao. Nilisema ninaishi mutaa wa nyuma, watu wananijua. Kwenye foleni walikuwa watu wanne niliowanyoa mwezi uleule. Walimuuliza kila moja: "Huyu unamujua?" Moja akaangalia viatu vyake. Mwingine akasema hapana. Walinisukuma mpaka barabarani, wakanipiga teke kwenye ule mugongo. Sikulia juu ya teke, yaya. Nililia juu ya wale wanne.

Sasa uniambie. Walipofika kwangu na karatasi yao, wewe ulikuwa pale. Ulisema nini?

Stanislas, mudogo yako


Bukavu, 5 mwezi wa kumi na moja 2023

Stani,

Jambo. Nilianza barua hii mara ine, nimepasua mara ine. Fabiola anauliza kama kaye inaisha.

Walikuja siku ya mapumziko saa ine ya asubuhi, vijana kama makumi mbili. Ariane alikuwa uwanjani, ameweka maharagwe ku moto. Wakamuomba karatasi. Akaleta kadi yake ya kura. Wakasema kadi inanunuliwa. Akasema baba yake wa Kamanyola. Wakasema baba iko wapi, atoke aseme. Baba marehemu, angetoka wapi?

Papa Patrice hakupenda ile kazi, ilionekana. Alitafuta namna ya kuwatuliza. Akaniita mbele ya watu: "Maman Colombe, ninyi njo familia ya bwana. Munajibu juu ya huyu?" Unajua vile iko kwetu. Familia ya bwana ikijibu, neno limeisha, watu wanarudi kwao. Hata vijana walikuwa wananingojea. Ariane aliniangalia. Neno lilikuwa moja tu: ndiyo. Nikasema: "Mimi najua mudogo yangu. Huyu mumuulize yeye mwenyewe."

Njo hivyo tu. Sikumutukana. Sikumusukuma.

Walimupa dakika kumi. Alimufunga Carine mugongoni, akachukua sakoshi moja. Akapita mbele yangu, akanipa sufuria ya maharagwe na kitambaa ya kushikia. Akasema: "Imebaki chumvi tu." Nilitia chumvi. Tulikula mimi na Fabiola. Ilikuwa tamu, Stani, na hiyo njo inaniua.

Sikia na ingine, juu sitaki kufa nayo. Yule mwanaume wa gari ni papa Ramazani, muzee wa miaka sitini na tano, mwenyi wajukuu. Anarudisha wanawake wote wa kazi, sababu mushahara unatoka siku ya posho na wezi wanawangojea njiani. Ariane alikaa mbele juu njo alishuka wa mwisho. Nilijua. Siku ile nilipokuandikia nilikuwa najua tayari.

Bisimwa hapiti tena upande wa ziwa na mikro yake. Pale ku mulango, na gile ileile, anasimama mutoto wa dada yake. Sambaza inaingia yote sawa zamani. Tuko wanawake kumi na nane juu ya mawe. Jana nilimuita yule kijana, nikamuambia tulimupigia muyomba wake makofi. Akasema: "Maman, utoke, gari inapita."

Nilikuwa na wivu. Nilisema mara mia sina, nilikuwa nayo kama homa. Ulikuwa mutoto yangu mimi peke yangu, akaja yeye, na akakuita jina yako bila kuomba ruhusa.

Amefika Cibitoke kwa mama yake. Niliuliza wanawake wa soko wa Kamanyola, walimuona akivuka. Mutoto ni muzima.

Nisamehe, ao unitukane, lakini andika.

Yaya yako,
Colombe


Cibitoke, 27 mwezi wa kumi na mbili 2023

Yaya Colombe,

Jambo. Natumaini barua hii inakukuta muzima, na kwamba mulipita Noel salama.

Niliuza kiti, kioo na mashini ya kunyoa, nikakuja. Niko hapa siku tisa. Ariane hakutoka kunipokea siku ya kwanza, wala ya pili. Ya tatu alitoka, akaniuliza: "Dakika ngapi?" Sikuelewa. "Gari inakaa dakika ngapi, uliniuliza ile usiku. Ulipata jibu?" Nilipiga magoti, yaya, mbele ya mama mukwe na majirani. Kwa hiyo sikuandikii kama mutu asiye na kosa. Wewe uliwasha, lakini kuni nilileta mimi.

Carine amejifunza Kirundi ya kutosha kunicheka.

Nikuambie namna nilivyopokelewa. Mugeni akifika hapa lazima aonekane kwa mukubwa wa kilima, sawa chef wa avenue kwetu, na mwenyeji asimame aseme anamujua. Usiku wa kuamkia siku ile sikulala kwa woga. Niliwaza, huyu mama mukwe, binti yake alifukuzwa kwetu juu ya neno moja ambalo hatukusema, sasa niko mikononi mwake. Asubuhi alivaa kitenge yake ya misa, akanishika mukono kama mutoto wa masomo, akasimama mbele ya wale wazee. Akasema: "Huyu ni wetu. Nitajibu juu yake." Tukarudi kula.

Umeomba msamaha. Nimeisoma. Najua ulinibeba mugongoni, sijasahau hata siku moja, na njo maana inauma hivi. Ariane anasema ukitaka kuja kumuona Carine, ukuje. Yeye mwenyewe njo alisema, sikumuomba.

Lakini ukifika ku mupaka na wakikuuliza nani anakujua huku, toa jina ya mama mukwe. Nilimuuliza, alikubali. Mimi bado sijaweza kujibu juu yako.

Stanislas,
bwana ya Ariane