Tone Linalochelewa

Mjukuu wangu Yona, mume wangu mdogo,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ipagala tuko wazima. Mama yako amevuna karanga kidogo, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeuliza ninapimaje sukari wakati bima inalipia dawa tu, vijiti vya kupimia hailipii. Tunanunua boksi moja na jirani yetu, mama Amosi, tunagawana. Ikibidi tunaruka siku.

Nilipokuwa binti, kiangazi tulichimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka. Siku moja nilikuta shimo la mtu limejaa maji, nikataka kuyachota yote. Mama akanishika mkono. "Acha kidogo, mwenyewe anakuja." Tukachota nusu ndoo, tukarudishia miiba juu ng'ombe wasiingie. Kisha tukakaa kando ya shimo letu, nimelaza kichwa mapajani pake, tukingoja maji yajikusanye. Mama hakuwa na haraka kabisa.

Namkumbuka kila ninapopima, maana siku hizi damu yangu nayo inachelewa kutoka. Mama Amosi ana roho nzuri, lakini anaogopa kijiti kitaharibika bure, basi ananikamua kidole mpaka kinauma. Wewe ulikuwa unakifumbata kwanza kwenye viganja vyako kipate joto, halafu unangoja.

Vijiti tutagawana, usihangaike. Ila kidole hiki, Yona, bado kinakungoja wewe.

Bibi yako